Watoto wa Kurasa za Nyuma

Kaka yangu alikuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini na mitatu, na mtu aliyezoea kugawa viwanja hawezi kuacha hivi hivi. Alipostaafu akakosa ardhi ya kupima, akaamua kutupima sisi. Alinunua karatasi ndefu ya kuchorea ramani, akaitandaza juu ya meza ya chakula, akaanza kuchora ukoo mzima: babu wa babu juu kabisa, sisi katikati, wajukuu chini wamebanana kama vibanda vya sokoni. Kila mtu na kisanduku chake, kila kisanduku na tarehe zake. Ulikuwa mwezi wa tatu wifi yangu anakula jikoni, na alishachoka hata kulalamika.

Aliponiita kwenda kuiangalia, niliipenda. Sitaki kumsema vibaya kabla ya wakati wake. Nilifuata kwa kidole mstari wa marehemu baba na mama, nikashuka nao, nikamkuta kaka na watoto wake watano, kisha nikajikuta mimi. Jina langu lilikuwa limeandikwa vizuri kwa wino mweusi. Chini yake mstari ulishuka kidogo, nusu ya kidole, halafu ukakatwa na kistari cha kulala, kama ule mti wanaoweka polisi barabarani kuzuia magari.

"Hiki ni nini?" nikamuuliza.

"Ni alama tu. Maana yake mstari umeishia hapo."

"Umeishia vipi? Mimi nilizaa."

Kaka akaanza kuifuta kalamu yake, na haikuwa na uchafu wowote. "Mdogo wangu, haya tulishayaongea. Mimi naandika walioandikwa. Watu ni zaidi ya mia mbili humu. Nikianza kuandika kwa maneno ya midomoni, kila mtu ataniletea wa kwake. Nimefuata vitabu vya parokia, basi."

"Na wangu hayumo?"

"Hayumo."

Niseme mapema jambo lenyewe, maana mimi si mtu wa kuzungukazunguka. Nilizaa mara moja tu maishani. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na mkunga wa hospitali ndogo ya parokia alikuwa mama yangu mzazi, kwa hiyo nilikwenda kujifungua bila woga, kama mtu anayekwenda kwao kula. Mambo yakaharibika. Nakumbuka dari, nakumbuka harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, nakumbuka mama akimwita muuguzi kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Baada ya hapo sikumbuki kitu. Nilipozinduka kengele za kanisa zilikuwa zinalia, ndiyo maana najua ilikuwa Jumapili. Mama alikuwa amekaa kando ya kitanda, ananifuta uso kwa kitambaa chenye maji. Akaniambia, "Mwanangu, mtoto alizaliwa hana pumzi. Alikuwa msichana." Halafu akaniambia na la pili, kwamba daktari ameniokoa, lakini ili kuniokoa ilibidi anitoe kizazi.

Mume wangu alivumilia miaka minne, kisha akaenda kutafuta watoto kwingine, akawapata. Mimi nikabaki na cherehani yangu. Nimeshona sare za shule za watoto wa watu mpaka vidole vikaota sugu. Wauza duka wote wananiita mama, lakini hiyo ni mama ya heshima, haina mtoto nyuma yake. Nyumbani naitwa Shangazi. Hata watu wasio ndugu zangu wananiita Shangazi.

Mtoto alizikwa kwenye makaburi ya parokia, upande wa chini walikolazwa watoto wachanga. Sikupelekwa, nilikuwa bado kitandani. Nilipopata nguvu za kutembea mama alinionyesha mahali kwa mbali, kwa mkono, kama mtu anayeelekeza njia. Miaka ikapita, parokia ikahitaji ukumbi wa mikutano, ukumbi ukajengwa hapo hapo. Siku hizi vijana wanafanyia mazoezi ya kwaya juu ya mwanangu. Na mama hakutaka kuligusa jambo hilo tena. Nikimuuliza alifanana na nani, anainuka kwenda kuosha vyombo visafi. Nilidhani anaona aibu ya kazi: mkunga aliyezalisha nusu ya parokia, akashindwa kwa mwanawe. Tuliishi hivyo, tukipendana na kununiana, mpaka alipofariki miaka kumi na moja iliyopita.

Kwa hiyo kaburi hakuna, picha hakuna, mama hayupo. Nilichotaka kwa kaka ni kisanduku kimoja. Hata kitupu, hata kisicho na jina, ili watu wakisoma wajue kwamba mstari wangu haukukatika wenyewe, kulikuwa na mtu pale. Karatasi ilikuwa inakwenda kuchapishwa Ijumaa, nakala moja kwa kila nyumba ya ukoo. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Niletee maandishi," kaka akasema, bila kuniangalia. "Mstari mmoja tu wa kitabu. Nitamwandika."

Nikamwambia atasaga meno. Nikabeba mkoba wangu nikaondoka, nikamwacha wifi mlangoni ameshika sahani.

Karani wa parokia watu wanamwita Bwana Namba. Ni mtu mpole wa makamo, anavaa sweta hata jua likiwa la kukaanga mayai, na ukimuuliza lolote anakujibu kwa namba. Nilimkuta Jumanne asubuhi ofisini kwake, chumba chembamba chenye kabati la chuma, meza, kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na kalenda ya mwaka juzi. Nilimweleza shida yangu. Akafungua kompyuta, akatafuta marehemu wa mwaka ule, mwezi ule.

"Kumi na mmoja," akasema. "Mtoto mchanga hakuna hata mmoja. Lakini Shangazi, aliyezaliwa amekufa hakuwa anaandikwa. Habatizwi, hawekewi misa. Sasa ataandikwa wapi?"

"Nataka kuona vitabu vyenyewe."

"Hivi ndivyo vyenyewe. Vimechapwa kutoka kule."

"Hiyo ni nakala. Nataka vile vya karatasi."

"Vile havitoki kabatini, vinameguka. Ndiyo sababu nikavichapa."

"Ulivichapa wewe?"

"Mimi mwenyewe, miaka miwili. Nilianza namba moja, nikaishia namba ya mwisho. Hakuna namba niliyoruka." Alisema kwa fahari, na sikumlaumu. Mtu akifanya kazi miaka miwili ana haki ya kuvimba kidogo.

Mimi subira sina, na unyenyekevu ninao wa kutosha Jumapili tu. Nilitoka nikamsubiri paroko uani. Alipokuja nilimkumbusha kwa heshima zote nani alishona mavazi ya kwaya, nani alipunguza kanzu ya padre msaidizi yule mfupi, na nani anangojewa kushona vitambaa vya altare kabla ya sikukuu. Paroko akacheka mpaka akashika tumbo. Akaingia ofisini akamwambia karani, "Mpe avione. Hapo hapo mezani, na anawe mikono."

Nikanawa. Bwana Namba akafungua kabati, akatoa vitabu viwili vya miaka ile, cha marehemu na cha ubatizo, maana vilikuwa vimefungwa pamoja kwa kamba. Vilikuwa vikubwa, jalada la kitambaa cheusi lililopauka, vikinuka vumbi na dawa ya nondo. Nikaanza na cha marehemu. Nilisoma mwezi ule, nikasoma wa kabla yake, nikasoma wa baada yake. Kumi na mmoja, kama alivyosema. Wazee, mama mmoja wa kifua kikuu, kijana aliyeanguka kutoka juu ya paa. Nikarudia tena polepole, kidole juu ya kila mstari. Hakuwamo.

Nilijua hatakuwamo. Lakini kujua ni jambo moja, na kukifunga kitabu ni jambo jingine. Machozi yakaanza kunitoka mbele ya yule mtu wa watu, naye akaanza kuzipanga kalamu zake kwa urefu.

Cha ubatizo sikuwa na sababu ya kukifungua. Nilikivuta karibu ili mikono iwe na kitu cha kufanya, nikakigeuzageuza kama ninavyogeuza nguo ya mteja. Sisi mafundi hatuangalii nguo usoni, tunaipindua. Kola inasema ukweli, na upindo unasema ukweli. Na kitabu kile ukingo wake wa mbele ulikuwa na weusi wa vidole, kama ilivyo kawaida. Halafu kurasa nyeupe nyingi. Halafu huko mwisho kabisa, weusi tena.

"Huku nyuma kuna nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu. Namba zinaishia mia nane na arobaini, halafu ni kurasa tupu."

"Kurasa tupu hazishikwi, baba. Angalia hapa. Hapa pameshikwa."

Nikakipindua kitabu juu chini, nikakifungua kwa nyuma. Kulikuwa na maandishi. Yule padre wa zamani alikuwa amekigeuza vivyo hivyo nilivyokigeuza mimi, akapiga mistari kwa rula, akaandika juu kwa herufi kubwa: WALIOBATIZWA KATIKA HATARI YA KUFA. Jina, wazazi, siku ya kuzaliwa, aliyebatiza, maelezo. Namba hapakuwa.

Bwana Namba alisimama akaja upande wangu wa meza. Alisoma, akavua miwani, akaivaa tena. "Mkunga alikuwa na ruhusa ya kubatiza," akasema taratibu. "Mtoto akionekana hatafika kanisani, anammwagia maji, anataja maneno, basi. Mwisho wa mwezi anamletea padre kikaratasi. Padre anaandika huku. Mtoto akipona analetwa kanisani, anakamilishiwa, anapewa namba, anahamishiwa mbele."

"Na asiyepona?"

"Anabaki huku huku, na kifo chake kinaandikwa kwenye maelezo."

"Na wewe ulianza namba moja."

Aliangalia kompyuta yake. Sweta lake lilikuwa linapanda na kushuka.

Nilianza kusoma. Wengine waliishi saa mbili. Wengine siku moja. Mapacha waliotofautiana dakika arobaini. Kwenye safu ya aliyebatiza, mstari baada ya mstari, jina la mama yangu. Nilihesabu mpaka kumi na tisa nikaacha. Kumi na tisa, na mama alirudi nyumbani kila moja ya siku hizo akatupikia, akatuuliza kama tumefanya kazi za shule, akamgombeza kaka kwa kuchafua kaptula. Hatukuwahi kujua. Sikujua hata kwamba lilikuwa jambo ambalo watu wanafanya.

Kisha nikakuta jina langu.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba padre amekosea, au kwamba hata mimi nilipozaliwa nilikuwa mgonjwa na hawakuniambia. Jina langu lote, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Nikaangalia safu ya wazazi. Mama wa mtoto: mimi. Baba wa mtoto: mume wangu, yule aliyekwenda kutafuta wengine. Alizaliwa Jumanne, tarehe kumi na mbili. Aliyebatiza: bibi yake mzaa mama, mkunga. Na kwenye maelezo, kwa mwandiko mdogo ulioinama: *Mama yake mahututi. Mtoto alifariki Ijumaa tarehe kumi na tano.*

Nilihesabu kwa vidole juu ya meza kama mtoto wa darasa la kwanza. Jumanne. Jumatano. Alhamisi. Ijumaa. Nilirudia, nikidhani nimekosea, maana nilikuwa nimeambiwa hakuna hata pumzi moja, na hapa palikuwa na siku tatu.

Sijui kama nitaweza kuieleza. Kwa miaka thelathini na tisa nilimlilia mtoto aliyezaliwa amekufa, na nilikuwa nimeshajua namna ya kumlilia. Nilijua siku zake, nilijua mahali pa kukaa. Sasa nikaambiwa na karatasi kwamba alikuwa hai, alikuwa na joto, alikuwa na jina, alikuwa na sauti, na mimi nilikuwa chumba kile kile. Ilibidi nianze upya na umri huu. Nilimkasirikia mama mpaka meno yakauma. Aliyenidanganya mimi, mwanawe wa kumzaa, hakuthubutu kulidanganya daftari. Alikwenda kwa miguu yake mpaka kwa padre na kikaratasi mkononi, akataja siku zote tatu, zikaandikwa. Kwangu akaja na kitambaa chenye maji.

Bwana Namba aliniletea maji ya kunywa. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetafuta cha kutengeneza, "Shangazi, huyu ana haki ya cheti. Kama alibatizwa, alibatizwa. Naweza kumtolea sasa hivi."

Akavuta fomu. Alijaza mwenyewe, kwa mkono, pole pole: jina, siku, wazazi, aliyebatiza. Kwenye namba alisita, akaandika *nyuma ya kitabu, ukurasa wa pili*. Huenda ilikuwa mara ya kwanza kuandika neno mahali pa tarakimu. Chini kabisa palikuwa na sehemu ya mwombaji.

"Hapa wanataka uhusiano wa mwombaji na mbatizwa," akasema. "Tuandike nini?"

Alijua. Lakini fomu ni fomu, na kazi yake ilikuwa kuuliza.

"Andika mama," nikasema.

Akaandika. Akapiga muhuri. Nikashangaa neno lenyewe lilivyo fupi, kwamba halikuhitaji hata nusu ya nafasi waliyoiacha.

Nilikwenda kwa kaka moja kwa moja, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumtolea. Nilimkuta amekunja mikono ya shati, anapitisha kifutio kwenye alama za penseli. Sikumsalimia. Niliweka cheti juu ya chati yake, juu ya babu na babu wa babu wote.

"Mstari wako huo," nikasema. "Uliutaka mmoja. Nimekuletea wenye muhuri."

Aliusoma. Nilikuwa nimejiandaa kwa mshangao, nilikuwa nimejiandaa hata kwa ubishi, maana kaka anaweza kubishana na saa ya ukutani. Hakushangaa. Alikaa chini taratibu kama mtu mwenye maumivu ya mgongo, akauliza, "Umeupata wapi? Mimi nilitafuta katika vile vya kompyuta nikaona haumo."

"Ulitafuta?"

"Nilikwenda kuhakikisha haumo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikavuta kiti. "Ulijua."

"Mimi ndiye niliyebeba kisanduku," kaka akasema. "Baba alikuwa safarini, mumeo alikuwa anazunguka nje hawezi hata kutulia. Nilikibeba peke yangu, kilikuwa hakina uzito kabisa. Jumapili ulipozinduka, mama akatuapisha, mimi na mumeo. Kwamba hatutakwambia. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, ningemkatalia vipi?"

"Ukaniwekea kizuizi chini ya jina langu! Ukaniambia niende nikatafute maandishi, kama mtu wa kuja!"

"Nilijua utapenda kisanduku," akasema. "Nilikaa na penseli hapa wiki nzima. Lakini kisanduku kinataka tarehe, mdogo wangu. Ningeandika moja ningekuwa mwongo kwa karatasi. Ningeandika mbili, ungehesabu."

Wifi alikuwa amefika kwenye mlango wa jikoni. Akatuangalia, akarudi, na tukasikia amezima redio.

"Kwa nini jina langu?" nikamuuliza. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imechoka. "Alikosa majina?"

"Daktari alimwambia mama kwamba hutamaliza siku hiyo. Mtoto ndiye alikuwa anaonekana mzima. Mdogo, lakini analia vizuri. Mama akambatiza haraka kwa sababu ya udogo wake, akampa jina lako ili libaki nyumbani. Wewe ndiye tuliyekuwa tunakuaga." Akapitisha kiganja usoni. "Jumatano joto lake likaanza kushuka, na wewe hali yako ikaanza kupanda. Siku ile ile moja. Mama alikuwa katikati yenu, hajui aelekee wapi."

"Na nilipozinduka?"

"Ulipozinduka swali lako la kwanza lilikuwa, mtoto alilia? Mama akajua hukumbuki lolote. Akatoka nje akaniambia, afadhali amlilie ambaye hakumwona, atapona upesi. Mwaka mmoja, miwili, atakuwa amesahau." Akapapasa muhuri wa cheti. "Mama alijua mambo mengi ya uzazi. Hilo hakulijua."

Neno moja lilikuwa limenikwama. Nililirudia kichwani mara mbili kabla ya kulitoa. "Sikumbuki lolote la nini, kaka? Nilikuwa nimelala. Kulikuwa na nini cha kukumbuka?"

Kaka aliangalia karatasi yake ndefu, watu wote wale mia mbili na visanduku vyao. Nikaona kwamba hilo ndilo aliloapishwa hasa, na kwamba siku tatu zilikuwa ni mfuniko tu.

"Hukuwa umelala muda wote," akasema. "Ulikuwa na homa, unaongea mambo yasiyoeleweka. Mama alimvua mtoto nguo akamlaza juu ya kifua chako apate joto. Ulimshika. Ulimwita kwa jina lako, sijui uliambiwa na nani, labda ulimsikia mama. Muuguzi alitaka kumwondoa ili abadilishe shuka, ukamzuia, ukamtukana kabisa, mpaka mama akacheka huku analia. Alhamisi alinyonya. Si sana, lakini alinyonya. Ijumaa ulikuwa umemshika bado, na mama ndiye aliyekuja kugundua."

Nje kulikuwa na mtu anayefagia uani kwa jirani, fagio linakwangua simenti, linasimama, linaendelea. Nilijaribu kukumbuka. Nilikwenda nyuma kwa nguvu zangu zote, mpaka kwenye dari, mpaka kwenye harufu ya dawa, nikagonga pale pale ninapogonga siku zote. Hapakuwa na mtoto. Mwili wangu ulikuwa umelea, na haukuniwekea kumbukumbu hata kidogo.

Kaka alichukua kifutio akafuta kile kistari cha kulala. Wino haukutoka vizuri, ukaacha kivuli. Akachukua wembe akakwangua karatasi taratibu, akapuliza vumbi, akashusha mstari, akachora kisanduku. Akaandika jina. Mwandiko wake haukuwa mzuri kama wa visanduku vingine. Halafu akasubiri, kalamu juu juu.

"Tarehe zote mbili," nikamwambia. "Andika."

Akaandika zote mbili. Wino ulipokuwa unakauka, nikaweka mikono yangu yote miwili juu ya meza mbele yake.

"Nilimshika kwa upi?"

Kaka aliiangalia yote miwili.

"Huu," akasema, akaugusa wa kushoto. "Ule mwingine ulikuwa na dripu."